Nyumba ya Ibada Ilipopigiwa Kura

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu wasomaji, khabari za Wakristo wa ng'ambo na mzozo wao juu ya mapenzi ya jinsia moja zimekuwa gumzo la barazani katika miji yetu ya pwani. Mmoja husema, "Dini yao imekwisha." Wa pili husema, "Mambo ya Wazungu hayo, hayatuhusu." Na kijana aliyerudi kutoka masomoni huuliza suali, wazee wake wakamjibu kwa kumkemea. Hapana katika hao watatu aliyekaa akalitazama jambo lenyewe tangu mwanzo wake. Makala haya yanataka kulitazama: kilitokea nini, nani alisema nini, wapi palikuwa na hoja, na wapi palikuwa na makelele tu.

Tumechagua kanisa moja, nalo ni la Wamethodisti wa Marekani liitwalo United Methodist Church. Tumelichagua kwa kuwa mambo yake yamefanywa hadharani: kura zimehesabiwa, hukumu zimetangazwa, na waliotoka wametoka kwa daftari. Mwenye kutaka kuhukumu kwa uadilifu lazima ashike jambo lenye ushahidi. Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul Maida kuwa chuki yetu kwa watu isitupelekee kuacha kuwafanyia uadilifu.

ASILI YA KANISA HILI

Wamethodisti ni wafuasi wa njia ya John Wesley, kasisi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1703 na kufa mwaka 1791. Wamarekani walijiundia kanisa lao mwaka 1784 mjini Baltimore. Mwaka 1844 likapasuka kwa sababu ya utumwa. Askofu mmoja wa Georgia alikuwa na watumwa. Watu wa kaskazini wakamtaka aache kazi ya uaskofu maadamu anao, na watu wa kusini wakakataa. Hawakuungana tena mpaka mwaka 1939, na hata hapo Wamarekani weusi walitiwa katika jimbo lao peke yao. Ubaguzi huo uliondoka katika katiba yao mwaka 1968, kanisa lilipoungana na jingine na kuchukua jina lililo nalo leo.

Hatukuyataja haya kwa kupoteza wino. Wanaotaka kubadilisha mafundisho husema: "Babu zetu walitetea utumwa kwa aya za Biblia, wakakosea. Kwa nini tusiwe tunakosea na sasa?" Hoja hii ina nguvu kwao, na mwenye kuwajibu bila ya kuijua atakuwa anapiga hewa.

Tena ipo tanbihi moja kwa watu wa Mombasa na mitaa yake. Kanisa la Methodisti la Kenya asili yake ni wamishonari wa Kiingereza walioanza Ribe mwaka 1862, nalo linajitawala lenyewe tangu mwaka 1967. Si sehemu ya kanisa hili la Marekani. Basi asije mtu akamsimamisha jirani yake wa Ribe njiani na kumdai jawabu la mambo yaliyoamuliwa Marekani. Huko ni kumbebesha mtu mzigo usio wake.

SENTENSI MOJA YENYE NYUSO MBILI

Kanisa hili halina papa. Mwenye kusema kwa niaba yake ni Mkutano Mkuu, unaokutana kwa kawaida kila miaka minne, nusu ya wajumbe makasisi na nusu waumini wa kawaida. Linaloamuliwa huandikwa katika kitabu chao cha nidhamu, na mkutano mwengine waweza kulifuta.

Mwaka 1972, mjini Atlanta, uliletwa mbele ya wajumbe mswada uliosema kuwa watu wenye mapenzi ya jinsia moja ni watu wenye thamani mbele ya Mungu, na haki zao zilindwe. Baadhi ya wajumbe wakaogopa kuwa maneno hayo yatafahamika kuwa ni ruhusa. Palepale ukumbini mjumbe mmoja akapendekeza nyongeza: kwamba kanisa halikubali kitendo hicho, na laona hakipatani na mafundisho ya Kikristo. Nyongeza ikapita. Katika mahali pamoja mtu akapewa heshima na kitendo kikakatazwa.

Kumtenga mtu na kitendo chake si jambo la ajabu kwetu. Mlevi ni ndugu yetu na ulevi ni haramu. Aibu ya sentensi ile ni nyingine: ilitungwa kwa haraka, nayo haikubeba dalili yake. Haikueleza kwa nini kitendo hakipatani na mafundisho, wala haikumwambia kasisi afanye nini na kijana atakayemjia usiku akilia. Hukumu bila ya dalili ni kama taa bila ya mafuta. Waweza kuitundika mlangoni, lakini haimwongozi mtu. Kila upande ulikata nusu yake na kuondoka nayo. Huyu akasema, "Kanisa limesema wana thamani." Yule akasema, "Kanisa limekataza." Nao wote wawili walikuwa wakisoma karatasi moja.

Mwaka 1984 ikaongezwa sheria ya kuzuia kuwatawaza ukasisi wale wanaokiri kuishi katika hali hiyo. Mwaka 1996 makasisi wakakatazwa kufungisha ndoa za namna hiyo. Sheria zikazidi, na maelezo yakabaki yale yale machache.

BABA NA MWANAWE

Kisa kilichowagusa wengi ni cha Frank Schaefer, kasisi wa Pennsylvania. Mwaka 2007 alimfungisha ndoa mwanawe wa kiume na mwanamume mwenziwe huko Massachusetts, ambako sheria ya serikali ilikuwa imeruhusu tangu mwaka 2004. Miaka ikapita, kisha muumini mmoja akapeleka mashtaka. Novemba 2013 kasisi akasimamishwa mbele ya wenziwe, akakutwa na hatia, akazuiliwa kazi kwa siku 30. Akaambiwa aseme kama atashika kitabu cha nidhamu chote kama kilivyo. Akasema hawezi. Desemba mwaka huo huo akavuliwa ukasisi.

Juni 2014 baraza la rufani likamrejesha, na Oktoba mahakama yao kuu ikaunga mkono. Sababu yao haikuwa kwamba alilotenda lilikuwa halali. Walisema amekwisha tumikia adhabu ya kosa alilolitenda, wala haifai kumvua cheo kwa kosa ambalo bado hajalitenda. Mwenye kusoma fikihi ataitambua kanuni hiyo na ataiheshimu.

Tumsemeje baba huyu? Sisi hatukubali alilolifanya. Mapenzi ya baba hayageuzi haramu kuwa halali. Lakini tutazame na upande wa pili wa kisa. Huyu baba alieleza kuwa mwanawe, alipokuwa kijana, alikuwa amekata tamaa ya maisha kwa kufundishwa kuwa hana nafasi mbele ya Mungu. Yule kijana aliposikia hukumu, hakusikia pamoja nayo mlango wa rehema, wala mtu wa kukaa naye. Basi kabla ya kumlaumu kasisi, na waulizwe na wale waliosimamia sheria: miaka yote hiyo mlikuwa na sentensi, je, mlikuwa na mlezi? Kuhukumu kuna watu wengi. Walezi ndio adimu, nao ndio wanaotafutwa.

MLANGO WA KUTOKEA NA BEI YAKE

Mambo yakazidi kuwa magumu. Mwaka 2016 jimbo la magharibi lilimchagua kuwa askofu Karen Oliveto, mwanamke aliyeoana na mwanamke mwenziwe. Mwaka 2017 mahakama ya kanisa ikasema kutawazwa kwake kulivunja sheria, lakini akabaki katika cheo chake. Ikawa sheria ipo na mwenye kuivunja yupo, wote wawili katika nyumba moja, na kila asubuhi wanapishana ukumbini.

Februari 2019 wakakutana St. Louis kulimaliza jambo. Upande wa kushika mafundisho ya zamani ukashinda kwa kura 438 dhidi ya 384, na sheria ikakazwa. Lakini katika mkutano huo huo ulifunguliwa mlango wa kutokea kwa makanisa ya Marekani mpaka mwisho wa mwaka 2023. Na hapa ndipo penye ajabu: waliotoka kwa wingi walikuwa wale wale walioshinda. Kwa nini? Kwa sababu majimbo mengi yalitangaza wazi kuwa hayatazitekeleza sheria hizo. Walioshinda wakaona wamepata karatasi na wenzao wamebaki na nyumba.

Ndugu msomaji, jambo la nyumba usilipite upesi. Kwa sheria yao, jengo la kila kanisa limeshikwa kwa amana ya kanisa zima. Watu wa mtaani waliolijenga kwa jasho lao hawawezi kuondoka nalo hivi hivi. Twaweza kulifananisha na wakfu, ingawa si sawa kwa kila hali. Basi wenye kutaka kutoka na jengo lao walitakiwa wapate thuluthi mbili za kura za waumini waliohudhuria, walipe michango ya miaka miwili kwa kanisa kuu, na walipe sehemu yao ya deni la pensheni za makasisi.

Mpaka mwisho wa mwaka 2023 makanisa zaidi ya 7,600 yalikuwa yametoka, kiasi cha robo ya makanisa yao yote ya Marekani. Mengi yaliingia kanisa jipya liitwalo Global Methodist Church, lililoanza tarehe 1 Mei 2022. Mengine yakabaki peke yao.

Hebu fikiri maana ya thuluthi mbili. Katika kanisa la kijijini lenye watu 60 ukumbini, 40 wakisema "tutoke", 20 waliobaki wanapoteza pahala walipobatizwa watoto wao na walipozikwa wazee wao. Na wakiwa 39 tu wanaotaka kutoka, hao ndio wanaobeba vitabu vyao na kuacha kila kitu. Mume huenda huku na mke huenda kule. Hesabu ya 7,600 husomwa kwa pumzi moja, lakini ndani yake mna meza za chakula ambazo watu hawakai tena pamoja.

CHARLOTTE NA AFRIKA

Mkutano wa mwaka 2020 uliahirishwa kwa maradhi ya Korona, ukafanyika Charlotte mwezi wa Aprili na Mei 2024. Wengi wa wapinzani walikuwa wamekwisha toka. Katazo la ukasisi, lililodumu miaka 40, likafutwa kwa kura 692 dhidi ya 51, likiwa limefungwa pamoja na mambo mengine, bila ya mjadala ukumbini. Sentensi ya mwaka 1972 ikaondolewa kwa kura 523 dhidi ya 161. Kwa uadilifu ni lazima tuseme pia kuwa hawakumlazimisha kasisi yeyote kufungisha ndoa ambazo dhamiri yake haizikubali.

Na Afrika? Kanisa hili lina watu wengi sana barani kwetu, khasa Congo, na huko Katanga Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni na kanisani pia. Wajumbe wa Afrika ndio waliotia nguvu ushindi wa mwaka 2019. Lakini ule mlango wa kutokea, maaskofu walisema, ni wa Marekani tu. Wamarekani wa upande mmoja walizitaka kura za Waafrika, wa upande wa pili wakaziogopa, na mlango ulipofunguliwa Mwafrika hakupewa ufunguo. Tarehe 28 Mei 2024 kanisa la Côte d'Ivoire, lenye watu zaidi ya milioni moja, likaamua kutoka kwa uamuzi wake lenyewe. Wengine wamebaki, wakitegemea mpango wa kila bara kujiwekea sheria zake katika mambo kama haya. Mpango huo nao wauzua suali: iwapo jambo ni la haki na batili, litakuwaje haki upande mmoja wa bahari na batili upande wa pili?

MAKOSA YA PANDE MBILI

Baada ya kuyaeleza, na tuyapime.

Kwanza, pande zote mbili ziliifanya kura kuwa dalili. Mwaka 2019 tofauti ya kura 54 ilisema haramu. Mwaka 2024 hesabu nyingine ikasema si haramu. Iwapo wingi ndio ushahidi, ukweli umegeuka mara ngapi katika miaka mitano? Kura inafaa kwa kuchagua mweka hazina na kuamua rangi ya mlango. Na mwenye kushangilia kura ya mwaka 2019 kuwa ni ushindi wa dini hana haki ya kulalamika kwa ile ya mwaka 2024, kwani aliikubali mizani yenyewe.

Pili, waliotaka mabadiliko walikula kiapo cha kushika sheria kisha wakaivunja wakiwa ndani. Mtu akiona kiapo chake kinapingana na dhamiri yake, adabu ni kukirudisha kiapo kwa mwenyewe. Na ile hoja yao ya utumwa, ijapokuwa ina nguvu, haitoshi. Kukosea katika jambo moja hakuthibitishi kuwa umekosea katika kila jambo. Lazima kila jambo lije na dalili yake.

Tatu, walioshika mafundisho ya zamani walichagua dhambi moja wakaifanya bendera. Biblia yao ina maneno mazito juu ya talaka na kuoa tena, lakini kanisa hili lilikwisha kulegeza jambo hilo zamani, na hatukusikia makanisa 7,600 yakitoka kwa ajili yake. Wapinzani wao wakawauliza: "Kwa nini hii na si ile?" Jawabu halikuwa wepesi. Ni rahisi mno kwa mtu kuwa mkali juu ya dhambi asiyoitamani.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, hapa pana maneno yetu, nayo si ya kuchekelea. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda hao wakawa bora kuliko wao.

Hukumu yetu ni maarufu. Liwati ni haramu, kisa cha kaumu ya Nabii Lut (A.S.) chajulikana hata na watoto wa chuoni, na wanavyuoni wa madhehebu zetu hawakukhitalifiana katika uharamu wake. Hatuna mkutano wa kuipigia kura, wala hatuutaki. Lakini asidhani mtu kuwa kukosa kura ni kukosa kupoteza watu. Kwa Wamethodisti, anayetoka hutoka kwa daftari. Kwetu kijana hutoka kimya kimya. Jina lake ni lile lile, siku ya Idi huvaa kanzu, na moyo wake umekwisha ondoka siku nyingi kwa sababu aliuliza akapigwa kofi. Hao hatuwahesabu, basi twajiona tumekamilika.

Na ule ugonjwa wa kuchagua dhambi tujipimie na sisi. Wapo wanaopandisha sauti barazani juu ya liwati, na mikononi mwao wameshika mirathi ya mayatima. Wapo wala riba na mashahidi wa uongo, na sisi twawapisha safu ya mbele.

Tena yapo mambo matatu ambayo sheria yetu imeyaweka na sisi tumeyasahau. La kwanza, kupeleleza siri za watu ni haramu. La pili, mwenye kumsingizia mtu uchafu bila ya mashahidi ana dhambi kubwa. Vijana wangapi wamevunjiwa heshima mitaani kwa mwendo wao au sauti yao tu? La tatu, linalopita moyoni si sawa na linalotendwa. Mja hachukuliwi kwa wazo alilolipinga, bali hupata thawabu kwa kulipinga.

Amepokea Imam Ahmad kwa Abu Umama (R.A.) kisa cha kijana aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angeridhia hayo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake. Kisha akaweka mkono juu yake akamwombea. Haramu ilibaki haramu, na kijana alibaki karibu. Hilo ndilo lililokosekana kwa Wamethodisti: wengine walishika hukumu wakamwacha kijana, wengine wakamshika kijana wakaiacha hukumu, na mwisho wakagawana majengo.

Basi, ewe mzazi, mwanao akikujia na suali zito, au na siri inayokutetemesha, usimfukuze nyumbani wala usimtangaze. Kaa naye. Mwambie hukumu kwa ukweli wala usiipake sukari, kisha mwambie kuwa mlango wa nyumba yako haukufungwa, na mlango wa Mola wake ni mpana kuliko wako. Ukishindwa kumjibu, mpeleke kwa mwenye elimu na upole kwa pamoja. Mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili hamfai.

Na ewe ndugu utakaye kumcheka Mkristo kwa msiba huu, kwanza ihesabu misikiti ya mtaa wako iliyojengwa kwa ugomvi, huu kuukimbia ule, kwa sababu ya uimamu au ya kuandama kwa mwezi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na awahifadhi watoto wetu na watoto wa jirani zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.